FAFSA yangu itafika Hispania?

Shikamooni wakubwa zangu,

Mimi ni kijana wa miaka 20, mzaliwa wa Fizi, Kivu Kusini. Nimekulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma hadi mwaka 2016, tulipoletwa Iowa: mimi, mama na wadogo zangu wawili. Baba alifariki tukiwa bado Kongo. Sasa niko mwaka wa pili wa komyuniti koleji, nasoma ile shahada ya miaka miwili inayomwandaa mtu kuhamia chuo kikuu, na huko nataka kumalizia afya ya jamii. Napata kamili ruzuku ya Pell, ile ya serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato kidogo, isiyorudishwa, na sijawahi kukopa.

Koleji yetu ina safari ya masomo ya wiki 5 Salamanca, Hispania, majira ya joto yajayo. Ni krediti 6: tatu za Kihispania na tatu za utamaduni wa Hispania, na mwalimu wetu ndiye anayeongoza. Ada ya programu ni dola 3,900, ndani yake mna malazi kwa familia mwenyeji, milo miwili kwa siku na bima. Krediti zenyewe zinalipiwa mbali, dola 195 kila moja. Ndege najitafutia. Wanataka dola 400 ifikapo Februari 10 na zote zilizobaki ifikapo Aprili 15. Masomo yanaanza Juni 1.

Mfanyakazi mmoja wa koleji kaniambia FAFSA, yaani msaada wa masomo wa serikali kuu tunaouombea kwa fomu hiyo, hailipi masomo ya nje ya nchi. Mwenzangu darasani anasema inalipa. Nikasikia pia kuna ufadhili unaitwa Gilman, lakini wanataka raia na mimi nina kadi ya kijani. Mama yangu aliapa uraia Machi 2022, nikiwa na miaka 17, ila hakuniombea mimi chochote maana ada aliyoambiwa ilikuwa inazidi dola elfu moja. Sasa anaogopa kwamba nikitoka nitafungiwa nje.

Jambo la mwisho: nafanya kazi kiwanda cha nyama, saa 30 kwa wiki, dola 17 kwa saa, na kila mwezi namchangia mama dola 400 za kodi ya nyumba. Je, safari hii ni ya watu kama mimi, au nijitulize?

Mdogo wenu,
Iowa

*

Marahaba, mdogo wetu.

Tuanze na suala la uraia, kwa sababu likitatuliwa hilo, mengine yanageuka. Kwa maelezo yako, inaelekea wewe ni raia wa Marekani tayari, tangu siku ile mama yako aliponyoosha mkono kuapa.

Iko Sheria ya Uraia wa Mtoto ya mwaka 2000. Inasema mtoto anakuwa raia papo hapo, bila kuomba wala kuapa, ikiwa mambo haya yamekutana kabla hajatimiza miaka 18: mzazi mmoja ni raia, mtoto ana ukazi wa kudumu (yaani kadi ya kijani), anaishi Marekani, na yuko chini ya malezi ya kisheria ya mzazi huyo na kukaa naye. Ulikuwa na miaka 17, una kadi, unaishi kwa mama, na baba ni marehemu, kwa hiyo hakuna wa kubishania malezi. Wasomaji wengine wasikimbilie kujihesabu: mzazi hapa ni aliyekuzaa au aliyekuasili kisheria. Shangazi au bibi aliyekulea kambini akaja nawe Marekani hakupi uraia kwa njia hii, hata kama kila mtu anamwita mama yako. Baba wa kambo asiyekuasili naye vilevile.

Ada iliyomtisha mama bila shaka ni ya fomu N-600, inayoombewa cheti cha uraia. Kwa sasa ni dola 1,385 ukijaza karatasi na 1,335 ukijaza mtandaoni. Kwa safari huihitaji. Pasipoti ya Marekani ni ushahidi kamili wa uraia, na kwa mtu mzima anayeomba mara ya kwanza gharama yake ni dola 130 za kitabu na 35 za kupokelewa ombi, jumla 165. Fomu ni DS-11. Unaipeleka mwenyewe posta, kwa karani wa mahakama au kwenye maktaba zinazopokea maombi, na husaini mpaka uwe mbele ya mpokeaji. Beba cheti halisi cha uraia cha mama, kadi yako ya kijani, kitambulisho, picha ya inchi 2 kwa 2, ushahidi kwamba yeye ni mama yako, na ushahidi kwamba ulikuwa unaishi naye kabla ya kufikisha miaka 18. Rekodi za shule zenye anwani ya nyumbani na jina la mama kama mzazi zinafaa sana kwa hilo la mwisho, kwa hiyo pita sekondari uliyosoma uziombe mapema.

Kwa watu waliotoka kambini, ombi hukwama kwenye majina. Jina la mama kwenye cheti chake cha uraia limeandikwa hivi, kwenye cheti chako cha kuzaliwa vile, na kwenye karatasi za kuingilia nchini namna ya tatu. Au cheti cha kuzaliwa hakipo kabisa. Usiende posta ukitumaini kwamba hawataona. Tafuta karatasi za ukimbizi zinazoorodhesha familia yenu pamoja, na uwaone wanasheria wa shirika lililowapokea au la msaada wa sheria la jimboni. Wengi huangalia jambo la namna hii bure au kwa ada ndogo. Waombe pia wathibitishe kwamba kweli umetimiza masharti ya ile sheria, kwani sisi tumesoma barua yako tu, karatasi zenu hatujaziona. Cheti halisi cha mama kitakwenda na ombi na kurudishwa kwa posta, mara nyingi katika bahasha tofauti na ya pasipoti. Mwambie mapema asije akashtuka. Ombi la kawaida huchukua wiki 4 hadi 6, bila kuhesabu siku za posta. Kuharakisha ni dola 60 zaidi.

Pasipoti ikitoka, hofu ya kufungiwa nje inakwisha. Raia anatakiwa kuingia Marekani kwa pasipoti ya Marekani, na kwa wiki 5 za Hispania hahitaji viza, kwani eneo la Schengen (nchi za Ulaya zenye utaratibu mmoja wa viza, Hispania ikiwemo) linamruhusu hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Kama wanasheria watakuta kasoro na ukabaki na kadi ya kijani, safari haijafa, ila ina milima miwili: hati ya kusafiria ya mkimbizi, inayoombwa kwa fomu I-131 kabla ya kuondoka na kudumu mwaka mmoja, halafu viza ya Schengen. Kwa mwendo wa ofisi hizo, tungekushauri usubiri mwaka unaofuata.

Nenda pia ofisi ya Social Security (hifadhi ya jamii) ukiwa na pasipoti, ubadilishe hali yako ya uraia. FAFSA huoanisha jibu lako na kumbukumbu zao. Ukijaza kwamba ni raia wakati kule bado umeandikwa mkazi, fomu inarudi na alama ya kasoro na koleji itakudai nyaraka. Kasoro yenyewe inarekebishika, lakini ikitokea mwezi wa Machi inakula wiki ambazo huna.

Sasa FAFSA. Mwenzako darasani yuko sahihi. Sheria ya Elimu ya Juu inasema wazi kwamba mwanafunzi aliye kwenye masomo ya nje yaliyoidhinishwa na chuo chake kwa krediti anastahili msaada wa serikali kuu, hata kama shahada yake haimlazimishi kwenda nje. Kuwa na kadi ya kijani hakukuzuii kwa hili. Kinachobagua uraia ni Gilman. Aliye na viza ya mwanafunzi ya F-1 ndiye asiye na mlango hapa, iwe nyumbani au nje.

Ila huyo mfanyakazi huenda alikuwa na kitu kichwani, akakisema vibaya. Msaada wa serikali kuu hulipia tu masomo yanayohesabika kwenye shahada uliyojiandikishia. Krediti 6 zikikaa nje ya mpango wako, kwa Pell ni kama hukuzisoma. Mtu wa ufundi wa magari au uuguzi, ambaye mpango wake umejaa masomo ya lazima hadi ukingoni, hukwama hapo. Shahada yako ya kuhamia chuo kikuu kwa kawaida ina nafasi ya lugha, ya masomo ya utamaduni na ya masomo ya hiari. Kwa kawaida, tumesema. Kama nafasi hizo ulishazijaza mwaka wa kwanza, Kihispania kitaelea. Mwone mshauri wa masomo akufanyie ukaguzi wa shahada, mwonyeshe namba za utambulisho za masomo yote mawili, na umwombe aandike kwa barua pepe kwamba zote 6 zinaingia, na zinaingia wapi. Barua pepe hiyo itunze. Maneno ya mdomo ya mshauri hayana kazi kwenye ofisi ya fedha za masomo.

Bahati yako nyingine ni kwamba safari inaongozwa na mwalimu wenu na krediti ni za koleji yenu. Zitaingia kwenye transkripti, yaani rekodi yako ya masomo na alama, kama masomo mengine yoyote. Anayekwenda kupitia chuo kingine au kampuni ya safari za masomo anahitaji mkataba wa maandishi kati ya pande mbili, unaosema nani anafundisha, krediti ngapi, gharama kiasi gani, na kwamba koleji ya nyumbani ndiyo itakayotoa msaada. Kupokea Pell kwa vyuo viwili kwa kipindi kimoja hakuruhusiwi. Kuupata mkataba huo na saini zake kunaweza kula miezi, hasa kwenye koleji ndogo ambayo haijawahi kuuandika.

Tupige hesabu. Ada ya programu 3,900. Krediti 6 kwa 195 ni 1,170. Ndege ya kwenda na kurudi kati ya Des Moines na Madrid tuiweke 1,350, kwa maana Juni ni msimu wa bei juu. Basi au treni hadi Salamanca, mlo wa tatu wa kila siku, simu na akiba ya dharura, 700. Pasipoti 165. Jumla dola 7,285.

Pell kamili kwa mwaka 2025–26 ni dola 7,395. Ukisoma krediti 12 au zaidi kila muhula, kila muhula unachukua nusu, takriban 3,697, na ifikapo Mei umemaliza fungu la mwaka. Wengi hudhani ndiyo basi. La. Sheria inaruhusu hadi asilimia 150 ya fungu la mwaka ndani ya mwaka mmoja wa msaada, mradi katika kipindi hicho cha ziada usome angalau nusu ya mzigo kamili, yaani krediti 6. Ndiyo maana hizo 6 zako usiruhusu zipungue hata moja. Wapo wanaobadilisha mawazo wakabaki na somo moja la krediti 3, kisha wanashangaa kwa nini ruzuku ya ziada imefutika yote badala ya kukatwa nusu.

Kwa krediti 6 utapata nusu ya fungu la muhula, kama dola 1,849. Ukiongeza somo la krediti 3 mtandaoni majira hayo hayo, mzigo unakuwa robo tatu na Pell inapanda hadi kama 2,773. Inavutia, lakini toa ada ya somo hilo, dola 585, na faida inabaki 339 tu, nawe unafanya mitihani ya mtandaoni usiku huku wenzako wamekaa uwanjani Plaza Mayor. Fanya hivyo ikiwa somo lenyewe ulilihitaji.

Muulize ofisa wa fedha swali moja: majira ya joto kwenu yanahesabiwa mkiani mwa mwaka unaokwisha Juni 30, au kichwani mwa ule unaoanza Julai 1? Kila koleji ina utaratibu wake kwa kipindi kinachovuka tarehe hizo. Jibu ndilo litakalokuambia FAFSA ya mwaka gani inatumika. Kama ni ya mwaka mpya na hujaijaza, hutapata kitu. Salama yako ni kuwa na zote mbili zimejazwa. Fomu ya mwaka unaofuata kwa kawaida hufunguliwa Oktoba 1.

Unahamia chuo kikuu, kwa hiyo kumbuka kwamba Pell ina kikomo cha maisha: asilimia 600, sawa na miaka 6 ya mzigo kamili. Krediti hizi 6 zitakula asilimia 25. Kwa aliyetumia miaka miwili tu hadi sasa, si ya kumkosesha usingizi.

Ukitoa Pell kwenye jumla, pengo ni dola 5,436. Hapo ndipo Gilman anapoingia.

Ufadhili wa Gilman ni wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, umetengwa kwa raia wenye Pell, na kwa wanafunzi wa koleji za miaka miwili umelegezwa: safari yao inaweza kuwa ya siku 14, wakati wa vyuo vya miaka minne wanatakiwa siku 21. Kiwango cha juu ni dola 5,000. Usikipangie hicho, safari fupi mara nyingi hupewa chini yake. Sisi kwenye hesabu yako tutaweka 3,000. Maombi hupokelewa mara mbili kwa mwaka, kwa kawaida mwanzoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Machi. Tazama tarehe kamili kwenye tovuti yao, kwani saa ya mwisho ikipita hawasikilizi. Anayesubiri Machi anapata jibu safari ikiwa imekaribia mno, baada ya Aprili 15 yako. Kwa hiyo kama safari za Juni zimo kwenye mzunguko wa Oktoba, ingia huo.

Ukishatuma, kazi haijaisha. Mfumo unawaandikia washauri wawili wa koleji, wa fedha za masomo na wa safari za nje, na kila mmoja lazima athibitishe kwa tarehe yake. Wa kwanza anathibitisha Pell yako, wa pili programu. Mmoja akiwa likizo, ombi zuri linakufa kimyakimya. Waone wote wawili ana kwa ana kabla hujatuma, waambie barua itakuja, na uangalie mwenyewe kama wamejibu.

Kuhusu insha, tuna neno. Vijana waliotoka Nyarugusu, Kakuma au Dadaab huandika kurasa nzima za mateso ya njiani, halafu Hispania inapata mistari minne. Wasomaji wa Gilman wanataka kujua kwa nini programu hii na si nyingine, utajengaje maelewano na wenyeji, na ukirudi utafanya kazi gani ya kujitolea ili wengine nao wafuate. Maisha yako yana nafasi pale yanapojibu maswali hayo. Mtu anayetaka kufanya afya ya jamii Iowa, ambaye kiwandani kwake wenzake ni Wakongo na watu wanaoongea Kihispania, ana sababu ambayo haihitaji kupambwa. Na mradi wa kurudi nao uwe na mahali, mwezi na watu: kwa mfano, vikao viwili kwa Kiswahili na Kiingereza, mwezi Septemba, kanisani kwenu na koleji, kuwaonyesha familia namna ya kusoma nje kwa Pell. “Nitahamasisha jamii yangu” haimwambii msomaji kitu.

Ombeni na kwenye mfuko wa ufadhili wa koleji yenu. Dola 500 ni ombi la kawaida. Upo pia Fund for Education Abroad, unaopokea wenye kadi ya kijani na kutaka safari isiyopungua wiki 4. Wiki 5 zako zinatosha.

Tuseme Gilman kakupa 3,000, koleji 500, nawe umeweka akiba 800. Limebaki pengo la 1,136, na hilo ni la mkopo wa serikali kuu. Mwanafunzi anayehesabika tegemezi kwa mzazi, mwaka wa pili, anaweza kukopa hadi dola 6,500 kwa mwaka, na kati ya hizo hadi 4,500 zinaweza kuwa za aina ambayo serikali inalipa riba ukiwa bado unasoma angalau nusu mzigo. Wewe bado hujagusa kitu, kwa hiyo kiasi chako chote kinaweza kuwa cha aina hiyo. Riba kwa mikopo ya 2025–26 ni asilimia 6.39, na hukatwa ada ya asilimia 1.057 kabla pesa hazijakufikia, kama dola 12 kwa mkopo wako. Hakikisha kwanza kwamba koleji yenu inatoa mikopo hiyo. Baadhi ya koleji za miaka miwili zilijitoa. Mkopo wa benki binafsi kwa safari ya wiki 5 hatuushauri hata kidogo.

Bila Gilman, mkopo unaruka hadi 4,136. Hapo sisi tungesema usiende mwaka huu. Utahitaji nafasi ya kukopa ukifika chuo kikuu, na ukiwa huko utaweza kumwomba Gilman tena, pengine kwa muhula mzima. Jiwekee kikomo sasa, kabla picha za Salamanca hazijakupofusha. Tungekiweka dola 2,000.

Kuna kitu kinachowaangusha hata waliopata kila walichoomba. Jumla ya misaada yako yote haiwezi kuzidi makadirio ya gharama ambayo koleji imekuwekea kwa kipindi hicho, na makadirio ya majira ya joto ya kawaida yametengenezwa kwa mtu anayelala kwao na kupanda basi la mjini. Gilman akiingia, kompyuta inaona umezidi, na mkopo wako unakatwa. Dawa ni kupeleka ofisi ya fedha karatasi ya gharama za programu, bei ya tiketi iliyochapishwa na risiti ya pasipoti, na kuomba kwa maandishi makadirio yapandishwe kwa ajili ya masomo ya nje. Sheria inawaruhusu kuingiza gharama za haki zinazoendana na masomo hayo. Omba Januari, si Mei.

Halafu kalenda. Koleji hairuhusiwi kutoa pesa za serikali kuu zaidi ya siku 10 kabla ya siku ya kwanza ya kipindi, kwako ni Mei 22. Koleji yako ikitoa siku hiyo, na nyingi huchelewa zaidi, bado salio likizidi deni lako ina hadi siku 14 kukukabidhi. Programu inataka zote Aprili 15. Unaona shimo lilipo. Kwa kuwa safari ni ya koleji yenyewe, mwone mhasibu mwezi Januari na barua ya makadirio ya msaada wako kutoka ofisi ya fedha, umwombe ada ya programu iwekwe kwenye akaunti yako ya mwanafunzi na isogezwe hadi msaada uingie. Koleji nyingi hukubali kwa kiasi kinachofunikwa na msaada uliothibitishwa. Gilman asiyejibu hahesabiki. Dola 400 za Februari ni za mfukoni mwako, na uliza kwa maandishi zinarudishwa au hazirudishwi. Mara nyingi hazirudi. Ndege ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu hakuna shirika litakalosubiri Mei 22. Ile akiba yako ya 800 iwe na kazi mbili tu, malipo ya awali na sehemu ya tiketi. Na tiketi usikate kabla mwalimu hajathibitisha kwa maandishi kwamba safari imetimiza idadi ya wanafunzi, maana safari hizi hufutwa zikikosa watu.

Sasa kazi yako. Saa 30 kwa dola 17 kwa wiki 5 ni dola 2,550 kabla ya makato, na hakuna ruzuku inayofidia mshahara. Hii ndiyo gharama ambayo karatasi ya programu haionyeshi, na kwa nyumba kama yenu ni kubwa kuliko ndege. Zungumza mapema na msimamizi wako kuhusu likizo bila malipo, upewe kwa maandishi tarehe ya kurudi. Kwa mama, unahitaji kumwachia 400 za kodi ya Juni, na za Julai pia kwa sababu mshahara wa kwanza baada ya kurudi utachelewa. Ni 800 nyingine. Kuanzia Oktoba hadi Mei ni miezi 8. Dola 100 kwa mwezi mbali na akiba ya safari. Kama hizo haziwezekani, hilo ni jibu tosha kwamba mwaka huu si wako, hata Gilman akikubali. Usitegemee salio la Pell kulipa kodi ya nyumba huko Iowa. Kwenye hesabu yetu halipo.

Ukiwa huko, usiache masomo katikati. Anayejitoa kabla ya asilimia 60 ya kipindi kupita, kwako ni siku ya 21 kati ya 35, koleji hulazimika kurudisha sehemu ya msaada ambayo hajaistahili, na deni linamfuata yeye. Kuugua au msiba nyumbani hakufuti hesabu hiyo. Mwambie mwalimu kabla hujafanya uamuzi wowote, mara nyingine kuna njia ya kumalizia kazi kwa mbali. Alama nazo zinaingia kwenye kiwango cha maendeleo ya masomo kinachokupa haki ya msaada, ambacho kwa koleji nyingi ni wastani wa 2.0 na kumaliza kama theluthi mbili ya krediti unazojiandikisha.

Mwaka unaofuata, kwenye fomu za kodi ya mapato, sehemu ya Pell na Gilman iliyolipa malazi, chakula na ndege huhesabiwa kipato. Iliyolipa ada za masomo na vitabu vya lazima haihesabiwi. Tunza risiti.

Wiki hii, basi: zungumza na mama kuhusu kile cheti, piga simu kwa wanasheria, na uombe ukaguzi wa shahada. Kabla hayo matatu hayajajibiwa, usilipe hizo 400.